Safu Mbili za Alabama

Nilikwisha kuwaambia kwamba Alabama nitaichukia mpaka siku nitakayozikwa, na hata hapo nitaomba nizikwe Ohio. Sijafuta neno. Lakini wiki hii, kabla sijamtukana mtu mwingine, inanibidi nijitukane mwenyewe, na nyinyi mtakuwa mashahidi.

Kwa waliokosa makala zangu zilizopita gazetini: mimi ni Verlene Gaddis, dereva wa basi la jiji kule Cleveland, Ohio, kwa miaka thelathini. Mume wangu, Wendell, alizaliwa huku Kusini. Alipostaafu alichukua karatasi, akaichora safu mbili, akaibandika kwenye mlango wa friji. Kushoto, uzuri wa kuhamia Alabama. Kulia, ubaya wake.

Kushoto alijaza mistari kumi na mmoja. Hakuna theluji ya kuzoa. Nyumba ya baba ipo. Shamba la babu lipo. Nyanya unachuma nje ya mlango wa jikoni. Watu wanasalimiana. Kaburi la mama. Kulia aliandika neno moja, "Joto," akaona amemaliza.

Tulihama na friji, na karatasi juu yake.

Safu ya kulia nimeijaza mimi kwa miaka miwili, na kalamu nyekundu. Sungusungu wekundu walionipanda miguuni siku ya tatu mpaka nikalazwa kliniki. Kimbunga kilichobeba kibaraza kizima na kuacha kiti cha Wendell kimesimama palepale, kana kwamba hata upepo wa huku una ndugu wa kupendelea. Mwenye duka ambaye hawezi kuniuzia mkate kabla hajaniuliza mama anaendeleaje. Mama yangu amekufa. Nimemwambia mara nne.

Na hospitali. Ya karibu yetu ilifungwa kabla hatujafika. Mwezi wa Machi moyo wa Wendell ulipogoma, nilimwendesha saa nzima na dakika kumi hadi Montgomery, nikapita taa nyekundu mbili, mimi ambaye kwa miaka thelathini sikuwahi kupita hata moja. Alipona. Mimi sijapona. Kila akikohoa huwa natafuta ufunguo wa gari.

Wiki iliyopita niliwaacha nimeshika ufagio, namfukuza mpima ardhi aliyekuwa anapigilia vigingi vyenye utepe wa waridi kati ya bustani yangu na makaburi ya familia. Alikimbia akaacha nyundo. Kesho yake ikaja karatasi ya mahakama: kuna kampuni imenunua fungu la mmoja wa warithi, na sasa inamwomba hakimu aamuru shamba lote liuzwe.

Mtauliza, fungu moja linauzishaje shamba zima? Hata mimi niliuliza, kwa kelele.

Ni kwa sababu Babu Ezekiel, babu yake Wendell, hakuandika wosia. Enzi zake mtu mweusi aliyepeleka karatasi za shamba mahakamani alitoka bila karatasi na bila shamba, kwa hiyo alikaa mbali na jengo lile mpaka akafa. Watoto wake nao hawakuandika. Wajukuu nao vilevile. Basi ekari sitini ni za kila mwenye damu ya Ezekiel, watu ishirini na watatu, bila mpaka wala uzio. Ukitazama utasema ni upendo. Kumbe ni mlango usio na kitasa, maana mmoja akiuza fungu lake, mnunuzi ana haki ya kuomba nyumba za wote ziuzwe juu ya vichwa vyao.

Karatasi ilitaja jina la kampuni tu. Muuzaji ni nani? Nilipopiga simu mahakamani walisema nenda katazame kwenye vitabu vyao. Na watu wa ukoo huu, mpaka leo, katika jengo lile hawaingii.

Mimi sikuhitaji vitabu. Nilikuwa na macho. Binamu yake Wendell, Cleophus, hana kazi tangu kiwanda cha mbao kifungwe, na mwezi wa Mei alinunua pikapu jipya, jekundu, linang'aa mpaka linaumiza.

Jumapili ilikuwa Sikukuu ya Kurudi Nyumbani. Kila Agosti waliohamia Chicago, Detroit na Atlanta hurudi kwenye kanisa letu la Shady Fork. Ni ibada, halafu meza ndefu chini ya mialoni, kila mwanamke na bakuli lake, jina lake limeandikwa kwenye utepe ubavuni ili bakuli lirudi kwa mwenyewe.

Mimi nilipeleka saladi ya viazi. Mama mmoja akaifunua, akauliza, "Hii kaitengeneza nani?"

"Mke wa Wendell," mwenzake akajibu. "Yule wa Ohio."

"Aaa," akasema, akaifunika taratibu, akahamia kwenye makaroni.

Miaka miwili! Miaka miwili nawapikia na hawajaonja! Lakini siku hiyo sikuja kwa ajili ya viazi. Nilimkuta Cleophus kwenye karai la mafuta, anakaanga kambare, koleo mkononi, miwani yake inaning'inia kifuani kwa kamba.

"Shemeji!" Nilimwita kwa sauti ya basi, ile inayofika kiti cha nyuma. "Hilo pikapu linakunywa petroli au linakunywa shamba?"

Vijiko vikasimama.

"Kula kwanza, shemeji," alisema. "Mtu akigombana na njaa, humeza maneno mabaya."

"Nimeshashiba vigingi. Umeliuza lini?"

"Nimeuza nini?"

"Usinifanye mtoto! Tangu kiwanda kifungwe hujafanya kazi siku mbili mfululizo. Gari umelichuma mtini?"

"Verlene, keti," Wendell akasema nyuma yangu.

"Sikai! Babu yenu kalala pale, mama yako kalala pale, na huyu kawauza pamoja na udongo wao, halafu anatukaangia samaki!"

Cleophus akaweka koleo chini. Akajifuta mikono, kidole kimoja kimoja.

"Gari ni la Earline," alisema. "Ni bima yake ya maisha. Mke wangu alikufa Aprili, shemeji. Ulikuja mazishini. Ulileta saladi ya viazi."

Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka.

Shangazi Ozella akapunga kipepeo chake cha karatasi, kile cha kugawiwa bure na wenye kuuza majeneza. Ana miaka themanini na sita, ndiye mtoto wa mwisho wa Ezekiel aliye hai, na hapigi kelele kwa sababu hajawahi kuhitaji.

"Mwacheni," alisema. "Ni wa Ohio. Mungu aubariki moyo wake."

Huku hilo ni tusi. Ilinichukua mwaka mzima kulijua.

Hapo ndipo mtu mwembamba akasimama mwishoni mwa meza. Shati la mikono mirefu katika joto lile, ili kuficha mkono unaochomwa sindano za mashine ya figo. Alikuwa Lamont, binamu mwingine wa Wendell, wa Detroit, ambaye hakuwa amekanyaga Alabama kwa miaka ishirini.

"Msimsumbue Cleophus," alisema. "Ni mimi niliyeuza."

Mke wa mchungaji akasema, "Yesu wangu."

"Wewe?" Shangazi Ozella akaacha kupunga. "Mtoto wa Bernice?"

"Nilikuwa nalala ndani ya gari, Shangazi. Mashine siku tatu kwa wiki, na sina pa kuoga. Huyo mtu akanipigia simu. Hakunipigia kwa kubahatisha! Alijua figo zangu. Alijua sijaja huku miaka ishirini. Akaniambia, 'Nasikia nyumbani hata hawakuulizii.' Akaniita Kikaango."

"Kikaango!" Shangazi akashika kifua.

"Jina alilonipa mama. Nani nje ya nyumba hii analijua? Nikasema basi, kama jina langu la utotoni wameshalitoa kwa wanunuzi, maana yake wao wenyewe wameshauza na mimi ndiye niliyebaki. Nikasaini. Nimeendesha siku mbili kuja kumtazama machoni aliyenitaja."

Sasa nitawaambia nilikuwa wapi wakati Lamont anasema maneno hayo. Nilikuwa nimesimama karibu na karai la mafuta, jasho linanichuruzika mgongoni, na halikuwa la joto.

Maana aliyemtaja ni mimi.

Tulieni, mtanitukana baadaye. Ilikuwa Machi, wiki ile ile niliyotoka Montgomery. Wendell amelala na vidonge vyake. Kwenye sanduku la barua kulikuwa na postikadi, zile zinazokuja kila wiki kwa kila mtu: Tunanunua ardhi, piga simu. Kila mtu huku huzitupa. Mimi nilipiga.

Nilitaka kujua kitu kimoja tu, kama hili shamba linaweza kuuzika, ili nimrudishe mume wangu kwenye mji wenye daktari wa moyo kabla sijamwendesha mara ya pili na asifike. Hilo ndilo nililolitaka. Naapa.

Aliyepokea alikuwa na sauti ya asali. "Ndiyo, mama. Hapana, mama. Pole sana, mama." Miaka miwili hakuna mtu wa Alabama aliyenisikiliza bila kuniuliza mama yangu anaendeleaje, na huyu alinisikiliza saa nzima! Nikamwaga yote. Warithi wangapi, nani yuko wapi, nani hana kitu. Nikaenda kuchukua kitabu cha namba cha Wendell, nikaandika majina na namba zao nyuma ya postikadi ili nisizikosee nikimsomea.

Na kwa Lamont nilicheka. Hili linanichoma kuliko yote. Nilisema, "Yupo mmoja Detroit, wanamwita Kikaango, figo zimekufa, hajakanyaga huku miaka ishirini wala hakuna anayemuulizia. Huyo hata ukimpigia kesho atakuuzia."

Mdomo huponza kichwa, wanasema wazee wa kila nchi. Wangu uliponza vichwa vya watu wengine.

Yule mtu hakunipigia tena. Nikaiingiza ile postikadi nyuma ya karatasi ya safu mbili, kwenye friji, nikaisahau. Siku vigingi vilipoanza kupigiliwa nilienda kuichana ile kadi. Haikuwepo. Nikajiambia imeanguka nyuma ya friji, na kwa kuwa nilikuwa mwoga wa kuthibitisha, nikashika ufagio, nikaanza kumtafuta mtu wa kulaumu. Hasira yangu yote ya wiki nzima, wasomaji wangu, vigingi, nyundo, Cleophus, ilikuwa inakimbia mbele ya jambo hilo.

Turudi chini ya mialoni. Shangazi Ozella akaweka kipepeo mapajani, akainua karatasi iliyokuwa kwenye mkoba wake.

"Wakili amesema Alhamisi tuko mbele ya hakimu," alisema. "Tukisimama wote ishirini na wawili tuliobaki, tunayo nafasi ya kulinunua fungu la Lamont lirudi nyumbani. Karatasi ni hii. Akikosekana mmoja, limekwisha. Nyote mnajua saini ya kwanza ni yangu."

"Tusaini basi, Shangazi," Cleophus akasema.

"Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi sivai nguo yenye chawa." Akawapitia kwa macho, meza nzima, na mimi akaniruka. Sina damu ya Ezekiel. Hata kwenye kushukiwa hawakunihesabu! "Aliyemtaja mtoto wa Bernice kwa wanunuzi ajitaje. Akijitaja, nitasaini. Ataondoka kwenye lile shamba, na hatalala pale na watu wetu. Asipojitaja, sisaini, hakimu achukue, na sote tukazikwe kwenye makaburi ya jiji."

Mtasema ningejitaja. Nawaona mnavyosema, na gazeti limekunjwa mkononi. Sikujitaja. Nilitazama saladi yangu ya viazi, imefunikwa, imekauka pembeni, na nikawaza kwamba Alhamisi ikipita tutarudi Cleveland, na hili nalo litapita. Ndivyo nilivyowaza. Nakiri.

Kiti kikasogezwa nyuma yangu.

"Ni mimi, Shangazi," Wendell akasema.

Nikageuka. Amesimama, mkono mmoja umeshika egemeo la kiti, ile namna anavyoshika tangu Machi. Hakunitazama.

"Wendell," nikasema, "kaa chini."

"Nilikuwa mgonjwa. Niliogopa. Nikawapigia." Akatia mkono mfuko wa shati, akatoa postikadi. Ilikuwa imekunjika kona, ina alama ya mafuta ya mlango wa friji. "Hii hapa. Majina niliandika nyuma."

"Wewe?" sauti ya Shangazi ikakatika. "Wewe uliyeniomba nikuwekee nafasi ubavuni mwa mama yako? Nimeshamwonyesha mchimba kaburi, Wendell. Nimeshaweka jiwe."

"Liondoe," Wendell akasema.

Alijua. Sijui tangu lini. Asubuhi ile ile, kabla hatujatoka, niliona ameongeza mstari wa kumi na mbili kwenye safu ya kushoto, kwa penseli: "Verlene hajaondoka." Nikakasirika, nikadhani ananidhihaki. Nikataka kuufuta kwa kalamu yangu nyekundu, ila tulikuwa tumechelewa ibada.

"Shangazi, huyu mwongo," nikasema. Au nilidhani nimesema. Midomo ilicheza, sauti ya basi haikutoka.

"Nisomeeni hiyo kadi," Shangazi akasema. Macho yake hayaoni maandishi siku hizi. "Nataka kusikia majina yalivyoandikwa. Cleophus, nisomee."

Cleophus akaipokea kadi kutoka mkononi mwa Wendell. Akavaa miwani. Akaitazama mbele, akaigeuza nyuma.

Mimi huandika herufi kubwa tupu, zimebanana, zote zimelalia kulia, kama nilivyojaza ripoti za basi kwa miaka thelathini. Hakuna mwingine Shady Fork anayeandika vile. Na mbele ya Cleophus, kwenye kona ya meza, lilikuwa bakuli langu, utepe ubavuni: VERLENE GADDIS, VIAZI.

Akasoma kadi. Akasoma bakuli. Akarudia kadi.

Kisha akavua miwani, akaiachia ikaning'inia kifuani. Dakika chache kabla nilikuwa nimemwita mwizi wa makaburi mbele ya ukoo wake wote, na mkewe hajamaliza miezi minne ardhini. Alikuja mpaka nilipo, polepole, akaniwekea postikadi mkononi.

"Shemeji," alisema, ili wote wasikie, "tusomee wewe. Mimi miwani yangu nimeisahau garini."

Miwani ilikuwa inazunguka kwenye kamba yake, hapo hapo kifuani, kila mtu anaiona. Wendell akanitikisia kichwa: hapana. Shangazi Ozella akashika kalamu, akangoja.